Plagini Haijapakika: Mwongozo wa Kuhangaika kwa Ustadi

Kwanza hakikisha mvua inanyesha. Ukiwa Litein, Kapkatet au kule Mogogosiek, hili halitakupa taabu: alasiri mawingu hujipanga juu ya chai kama wachumaji wanaosubiri mizani, na muda si muda mawe huanza kupiga mabati. Mvua ni muhimu kwa sababu kosa la kompyuta lisilo na wa kusingiziwa humvunjia fundi heshima. Kioo kikiandika kwamba plagini imeshindwa kupakia, wewe inua macho, tazama dari, sikiliza kidogo, kisha useme kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Ni hii mvua." Mteja atakubali. Huku kwetu mvua ndiyo inayolipa karo ya shule, haitashindwa kubeba lawama ndogo ya plagini.

Aliyenionyesha kwamba hatua hiyo ina mwisho wake ni mzee mmoja aliyeingia saiba yangu na kikapu cha kuchumia chai mgongoni. "Chamgei," akasalimu, akatua mzigo, akafunua nailoni. Ndani mlikuwa na kisanduku cheusi cha kamera za ulinzi. Mwanawe anayefanya kazi Doha alikuwa amefunga kamera mbili nyumbani alipokuja likizo: moja inatazama zizi, nyingine kitalu cha miche ya chai. Kijana husema anaona kila kitu kwenye simu akiwa kule Ghuba. Baba mwenye zizi haoni kitu, maana kwake simu ni ya kuongea. Picha anaitaka kwenye kioo kikubwa. Nikachomeka kisanduku, nikaandika anwani yake kwenye kivinjari. Ukurasa ukafunguka vizuri, na katikati yake pakatokea mraba wa kijivu wenye maneno ya kuomba tuweke plagini.

"Kijana, inasema nini?"

"Inasema plagini haipo, mzee."

"Imeenda wapi?"

"Ni hii mvua."

Akatazama nje. "Mvua imeanza sasa hivi. Hii kitu imekataa tangu Krismasi."

Mteja wa namna hii akikupata, ingia hatua ya pili, ambayo ni baraza. Saiba yoyote ina watu wanne ambao hawakuja kutumia kompyuta, na kila mmoja ana dawa. Wa kwanza atasema zima, washa. Wa pili atasema ni virusi. Wa tatu, ambaye shemeji yake aliwahi kufanya kazi Nairobi, atasema badilisha Windows. Wa nne atauliza kama bando imeisha. Wasikilize wote kwa adabu, kisha ufanye kile cha wa kwanza, kwa sababu cha kushangaza ni kwamba huwa kinasaidia. Kisiposaidia, nitakudokeza jingine: kivinjari huweka akiba ya kurasa za zamani, na mara nyingi kinachokataa ni kipande kilichochacha cha juzi. Bonyeza Ctrl na F5 pamoja ili ukurasa uletwe upya, au ufungue dirisha la faragha. Huko viendelezi vingi havifuati, kwa hiyo tovuti ikifanya kazi ujue mchawi ni mojawapo ya vile ulivyojiwekea mwenyewe. Vizime vyote, uwashe kimoja kimoja, kama mama anayeuliza watoto nani amemaliza maziwa ya mursik.

Nimetaja viendelezi, na hapa watu huchanganya. Kiendelezi ni kinyongeza kidogo kinachoishi ndani ya kivinjari, kwa masharti ya kivinjari. Plagini, ambayo Kiswahili cha vitabuni huiita programu jalizi, ni programu kamili inayokaa nje na kuitwa ndani kazi ikiwapo. Lakini hapa Litein kila kinachokataa ni plagini. Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kufaili ritani za kodi za KRA, foleni hufika nje ya mlango, na mtu aliyesahau nenosiri atakwambia plagini yake imekataa. Aliyefungua fomu ya Excel bila kuruhusu makro akabonyeza kitufe cha kuhakiki mpaka kidole kikauma, naye ni plagini. Usibishane nao. Siku hiyo hata mimi huita hivyo.

Hatua ya tatu, na hii usiiruke, ni kubofya tangazo la kwanza linalosema "Pakua plagini hapa bure." Nilibofya. Tulipata vitu vingi isipokuwa plagini: utepe mpya juu ya kivinjari, ukurasa wa mwanzo wa lugha nisiyoijua, na mwanamke aliyekuwa akijitokeza pembeni kila dakika kuuza dawa ya kupunguza tumbo. Mzee alimtazama mara tatu, akajitazama tumbo, akanyamaza. Kwa miaka mingi tangazo la kukuhimiza usasishe Flash Player lilikuwa kichaka walichojifichia wezi, na lingali linatokea ingawa Flash yenyewe haipo. Ukitaka usalama, kitu pekee cha kupakua ni kile kinachotoka kwa aliyetengeneza kifaa.

Niliposema Flash haipo mzee akauliza imekufa kwa nini, na kwa kuwa mvua ilikuwa imetufungia ndani nikamweleza kwa lugha ya shamba.

Kivinjari cha miaka ya 1990, enzi za Netscape, kilikuwa kama shamba kubwa lisilo na wafanyakazi wa kutosha. Kilijua maandishi na picha, basi. Kazi nyingine zote zikapewa vibarua. Flash akachukua video, katuni na michezo. Java akachukua fomu za mabenki na za ofisi. RealPlayer na QuickTime wakagawana muziki na filamu, Silverlight akaja baadaye. Vibarua hodari, wote. Tatizo ni kwamba kila kibarua alipewa ufunguo wa nyumba nzima, si wa stoo peke yake: plagini ikiingia kwenye kompyuta iliweza kugusa faili zako zote, na aliyeilaghai plagini alikuwa amekwishaingia chumbani kwako. Ikawa kila mwezi kuna tundu jipya na kiraka kipya.

Mwenye shamba akaanza kujifunza kazi mwenyewe. Aprili 2010 Steve Jobs aliandika barua ya wazi akieleza kwa nini Flash haitakanyaga iPhone. Januari 2015 YouTube ikaifanya HTML5, ustadi wa kivinjari chenyewe, kuwa njia yake ya kawaida ya kuonyesha video bila kumhitaji kibarua. Septemba mwaka huohuo Chrome ikafunga lango kwa plagini za mtindo wa Netscape, Java akiwa miongoni mwao. Machi 2017 Firefox nayo ikawafuta wote, ikambakiza Flash peke yake. Adobe waliomlea wakatangaza mwaka huo kwamba kazi ya Flash itaisha tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 hata aliyekuwa naye kwenye kompyuta alikuta amegoma kuonyesha chochote. Internet Explorer, nyumba ya mwisho ya vibarua hawa, ikastaafishwa 15 Juni 2022.

"Kwa hiyo," mzee akasema, "hiki kisanduku kinatutuma tukamwite mtu aliyekwisha kuzikwa."

Katika miaka yangu yote ya saiba sijasikia maelezo bora ya kosa hili. Ujumbe kwenye kioo umeandikwa kana kwamba kosa ni lako, hujaweka plagini, umezembea. Aliyeuandika aliuandika mwaka ambao plagini ilikuwa hai, akaufungia ndani ya kisanduku, kisanduku kikauzwa miaka kumi baadaye kikiwa na barua ya mwaliko kwa marehemu. Wala si wauza kamera tu waliochelewa matanga. Mamlaka ya kodi ya Afrika Kusini ilikuwa na fomu zilizotegemea Flash, na Januari 2021, Flash alipozimika, iliwapa wananchi kivinjari chake yenyewe chenye Flash ndani. Yaani maiti haikuzikwa, ilijengewa nyumba. Mzee alipenda sana habari hiyo. Alitaka kujua kama hicho kivinjari kinaweza kuonyesha ng'ombe.

Hatua ya nne ni saa. Usicheke. Kompyuta yangu namba tatu, kila stima ikipotea, na hapa kwetu stima huiogopa mvua kuliko paka, hurudi tarehe 1 Januari 2002. Kwake Moi yungali Ikulu. Wapo wateja wanaoichagua kwa sababu hiyo tu. Lakini tovuti salama huthibitishwa kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoishi 2002 huviona vyeti vyote kuwa vya watu ambao bado hawajazaliwa, ikavikataa. Dawa ni betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao wa ndani, bei yake haifikii kilo ya nyama. Nimekuwa nikipanga kuinunua.

Na usidhani wakubwa hawasahau tarehe. Usiku wa kuamkia 4 Mei 2019, muda mfupi baada ya saa tisa usiku kwa saa za huku, cheti kimoja cha Mozilla, wenye Firefox, kiliisha muda wake bila mtu kukihuisha, na viendelezi vya Firefox vikaanza kuzimika dunia nzima. Asubuhi ile mafundi wa saiba kila mahali walifuta na kuweka upya, wakazima na kuwasha, wakalaumu mvua. Wenye Firefox walikuwa wakihangaika kuandaa toleo la kurekebisha. Siku kama hiyo mbinu bora kabisa ya ufundi ni kunywa chai na kungoja, na katika kaunti zetu hizi hakuna kisingizio cha kukosa chai.

Sasa dawa yenyewe, kwa ajili ya yule anayeihitaji kweli. Ndani ya Microsoft Edge wamebakiza chumba kidogo cha Internet Explorer, na wameahidi kukitunza angalau hadi 2029. Fungua mipangilio, nenda sehemu ya kivinjari chaguo-msingi, uruhusu kurasa zipakiwe upya kwa modi ya Internet Explorer, uiwashe Edge upya, kisha uongeze anwani ya kisanduku chako kwenye orodha. Pakua plagini inayotolewa na kisanduku chenyewe, ufunge kivinjari kabla ya kuiweka, uiendeshe kama msimamizi, urudi. Ruhusa hiyo ni ya siku 30, ikiisha unaomba tena, kama kibali cha mgeni. Na nenosiri la kiwandani, lile 12345 au admin, libadilishe kabla hujalala. Oktoba 2016 maelfu ya kamera na visanduku vya kurekodia vilivyoachwa na manenosiri ya namna hiyo viliambukizwa programu iitwayo Mirai, vikaelekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn kule Marekani, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti nyingi, hata Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Nilimwambia mzee kwamba kamera ya zizi lake inaweza kupigana na Marekani yeye akiwa amelala. Akaniuliza nani atalipa bando.

Nilifuata hatua hizo zote pale saiba, na mraba wa kijivu ukaondoka. Ukaja mraba mweusi. Nikakagua kila kitu mara mbili, nikawauliza wale wanne wa baraza, nikatazama dari. Ni mzee aliyegundua.

"Kamera ziko nyumbani," akasema.

Tulikuwa tumefanya kama mtu anayepeleka meno kwa daktari na kuacha kinywa nyumbani.

Kesho yake nilipanda bodaboda na laptopu kifuani chini ya koti, tukapita katikati ya chai iliyokatwa sawasawa kama zulia, hadi kwake. Mama wa nyumba akatuletea chai ya maziwa kwenye birika, tukachomeka kisanduku kwenye ruta, nikafungua Edge, chumba kidogo, anwani, nenosiri jipya. Mzee alivuta kiti karibu. Mraba ukafikiri kidogo. Kisha picha ikaja, kubwa, yenye kujaa kioo.

Palikuwa na nyuzi nyeupe zilizosukwa kutoka pembe hadi pembe, na katikati yake mnyama mnene mwenye miguu minane, akituliza tumbo mbele ya lenzi. Taa za kamera huvuta wadudu usiku, na buibui si mjinga. Nyuma yake, mbali, kulikuwa na kivuli ambacho pengine kilikuwa ng'ombe.

Mzee akainama, akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe plagini ndiyo hii," akasema.

Nilisikiliza paa. Bahati mbaya jua lilikuwa linawaka. Kabla sijapata la kujibu alikuwa amechukua ufagio na kutoka. Kwenye kioo nikamwona buibui akistuka, nikaona fagio likija likizidi kuwa kubwa, halafu zizi likazunguka, mbingu ikapita, picha ikatulia ikionyesha bati la jikoni lenye misumari mitatu, safi kabisa, bila kukwama.

Simu ya mzee ikalia mezani. Ilikuwa Doha.