Jinsi ya Kuboresha Kihariri Mpaka Karani wa Kakao Akikimbie

Kwanza tafuta kihariri cha maandishi kisicho na tatizo. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote, maana programu mbovu ni nyingi na zinajitangaza zenyewe, ilhali ile inayofanya kazi yake hukaa kimya. Jaribu kwenye kompyuta kuukuu ya chama cha msingi cha wakulima wa kakao, tuseme upande wa Ipinda, wilayani Kyela, kwenye barabara iendayo Matema. Utaikuta imewashwa tangu asubuhi: ukurasa mweupe, herufi nyeusi, basi. Karani anaandika jina la mkulima, kilo za kakao kavu na tarehe, anahifadhi, anamwita anayefuata. Faili ni la maandishi matupu, .txt, na msimu mzima wa kijiji unaenea humo bila kufikia uzito wa picha moja ya simu.

Mwulize kama kuna kasoro. "Hapana, mwanangu, inanitosha," atakujibu huku macho yake yakiwa kwenye mizani. Hapo umeshapata mgonjwa.

Bahati nzuri programu yenyewe ni huria. Msimbo wake uko wazi, yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Walioweka uhuru huo walikuwa na nia njema, nawe pia una nia njema, na hakuna kilichowahi kuharibu programu ndogo haraka kama nia njema mbili zikikutana.

Kabla hujagusa kitu, hakikisha husomi historia. Ukiisoma utakutana na Bram Moolenaar, Mholanzi aliyetoa Vim mwaka 1991, kihariri cha maandishi matupu ambacho mpaka leo kimo kwenye seva nyingi duniani. Mwaka 1994 alikaa Kibaale, kusini mwa Uganda, akishughulikia maji na usafi kwenye mradi wa watoto. Alianzisha shirika la ICCF Holland kuwachangia watoto hao, na anayefungua Vim bila faili hukutana na ujumbe mfupi wa kumwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Programu ni bure, lakini aliyetoa mchango aliruhusiwa kupiga kura kuhusu kipengele gani kiongezwe. Hebu pima hatari ya mpango huo: mtu anayetaka kitufe kipya aguse mfuko kwanza, tena mtoto asiyemjua aende shule kwa sababu ya kitufe hicho. Nusu ya maboresho ya dunia yangekufa siku hiyohiyo. Moolenaar aliitunza programu yake zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki Agosti 2023, na maombi ya watu aliyapanga kwenye faili la maandishi matupu lenye maelfu ya mistari, mengi yakisubiri zamu. Usimwige.

Afadhali pia usijue habari za Leonard Mwaisumo, karani Mnyakyusa aliyefanya kazi na wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson katika miaka ya 1930. Kumbukumbu za utafiti wao ziko Chuo Kikuu cha Cape Town na bado zinasomeka, wala hakuna aliyeambiwa asasishe kitu ili aone ukurasa wa pili.

Haya, tuanze. Weka akaunti. Mtu asiandike jina la mkulima kabla hajaandika lake, barua pepe yake, na nenosiri lenye herufi kubwa, tarakimu na alama isiyopatikana kwenye kibodi iliyochakaa. Kisha mtumie namba ya uthibitisho kwa ujumbe wa simu. Foleni ya wakulima itasubiri. Wamezoea kusubiri malipo.

Baada ya hapo leta kipengele cha kujikamilisha, yaani programu imalizie neno kabla mtu hajamaliza kuliandika. Kwingineko kipengele hiki huwa na faida kidogo, kwa hiyo huna budi kushukuru kwamba uko Kyela. Karani ataandika "Mwa", na programu imletee nusu ya wilaya. Ataongeza "ka", na orodha haitapungua kwa kiasi cha kumsumbua mtu. Akifika "Mwakal" bado atakuwa na Mwakalinga, Mwakalukwa, Mwakalobo na Mwakalindile wamejipanga wanamtazama. Sasa tia ufundi: hakikisha kitufe cha kushuka mstari ndicho pia kitufe cha kukubali pendekezo la kwanza. Kilo 84 za mzee mmoja zitaingia kwa mwingine bila mtu yeyote kuiba. Siku ya malipo wazee hao watasalimiana kwa adabu zote za Kinyakyusa, watajuliana hali ya nyumbani, ya ng'ombe na ya wajukuu, kisha wataulizana kuhusu hizo kilo.

Kagua na tahajia. Kamusi iwe ya Kiingereza, isizimike, na ichore mstari mwekundu chini ya maneno ya huku kama usipa, mbasa, mpunga na Itungi. Menyu nazo ziache kwa Kiingereza. Kuna watakaokukumbusha kwamba mwishoni mwa 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Wajibu kwamba hilo lilikuwa zamani, nawe unaangalia mbele.

Kuhusu herufi, kuna mzee au mwalimu mstaafu atakayetaka kuandika hadithi za Kinyakyusa. Lugha hiyo ina irabu saba, na baadhi ya waandishi hutia kistari kwenye i na u ili kuzitenganisha na zile za kawaida. Tangu 1992, Ken Thompson na Rob Pike walipobuni UTF-8, kompyuta haina kisingizio cha kushindwa herufi hizo. Kwa hiyo utabuni kisingizio wewe. Hifadhi kwa mfumo wa zamani, na kila irabu yenye kistari igeuke kuwa alama ya kuuliza. Hadithi ya sungura itakuwa na maswali mengi kuliko ilivyokusudiwa, lakini itahifadhiwa haraka sana.

Sasa tufike kwenye saa. Nakuomba usiharakishe hapa, maana ni wilaya chache nchini zinazompa mboreshaji nafasi kama hii. Ukiuvuka Mto Songwe pale Kasumulu, uko Malawi, na Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu haijui mpaka. Inajua mnara wenye nguvu. Karani akienda kupima kakao vijiji vya kando ya mto, simu yake inaweza kudaka mnara wa ng'ambo na saa yake ikarudi nyuma kimyakimya, mwenyewe hajatoka Tanzania hata hatua moja.

Hapo ndipo unapoingiza usawazishaji, ili faili moja liwe kwenye simu na kwenye kompyuta ya ofisini kwa wakati mmoja. Sheria yake iwe fupi: nakala iliyoandikwa mwisho ndiyo ya kweli. Ofisini, saa saba na nusu mchana, mwenzake anafungua faili na kusahihisha tarehe. Saa nane kamili karani, akiwa Kasumulu, anarekebisha kilo za mkulima kutoka 48 kwenda 84. Simu yake inasema ni saa saba. Programu inalinganisha, inaona saa saba na nusu ni kubwa kuliko saa saba, na inazifuta 84 kwa moyo mweupe. Karani atarudi, atarekebisha tena, atashangaa, atamshuku mwenzake. Hata ndoa zimevunjika kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Dawa ipo, na lazima uijue ili uiepuke: programu huhifadhi wakati kwa saa moja ya dunia nzima, UTC, kisha huonyesha saa ya mahali pale tu mtu anaposoma. Ni badiliko la mistari michache. Hakuna atakayekupigia makofi mkutanoni kwa mistari michache. Kama unataka kuonekana unawajali wenyeji, weka chaguo la kuonyesha saa ya Kiswahili, ile ambayo asubuhi huanza saa kumi na mbili, na lifiche ndani ya mipangilio, ndani ya mipangilio ya ziada, chini ya "Majaribio".

Uzito nao usisahaulike. Kihariri ulichokikuta kilipita kwenye flashi na nafasi ikabaki ya kwaya nzima. Kifungashe upya pamoja na kivinjari kizima ndani yake, kama zinavyofanya programu nyingi za siku hizi, ili kupakua tu kumalize kifurushi cha wiki. GitHub walikuwa na kihariri huria cha namna hiyo, Atom, kilichopendwa sana, wakakifunga Desemba 2022. Funzo la kweli la mkasa huo wengi hawakuliona: mafaili ya .txt yaliyoandikwa kwenye Atom yanafunguka hata leo kwa programu yoyote. Aibu iliyoje! Miaka yote hiyo na hawakuwa wamemshika mtumiaji hata kwa kucha. Wewe buni aina yako ya faili, ipe kiambishi cha herufi nne, na isifunguke kwingine kokote. Wakisi wa Ikombe wanafinyanga vyungu na kuvivusha kwa mitumbwi hadi sokoni Matema, na anayenunua anaweza kupikia ndani yake samaki wa ziwa lolote. Hiyo ndiyo sababu hakuna mfinyanzi wa Ikombe aliyewahi kuitwa mbunifu wa teknolojia.

Katikati ya shughuli hii karani atakuletea ombi. Usishtuke. Mvua za Kyela unazijua, na zikinyesha umeme unakatika.

"Mwanangu, samahani, haiwezekani ikajihifadhi yenyewe? Jana nimepoteza kazi ya asubuhi yote."

"Shikamoo baba. Wazo zuri sana hilo. Tumeliweka kwenye mpango wa toleo la nne."

"Marahaba. Hili tulilonalo ni la ngapi?"

"La pili, baba. Lina rangi ya usiku."

Usimwambie kwamba Vim huandika nakala ya dharura pembeni kila baada ya herufi 200, au mwandishi akitulia sekunde 4, na kwamba umeme ukirudi humwuliza kama anataka kurejesha alichokuwa akiandika. Kipengele hicho hakionekani. Hakina picha ya kuweka kwenye tangazo. Mtu anakitambua siku ya radi tu.

Ikitokea waliokutangulia kwenye mradi wakaanza kuuliza maswali, jitenge na uanzishe wako kwa jina jipya, leseni inaruhusu. Ila mfano wa Neovim usiutaje. Mwaka 2014 Thiago de Arruda aliona badiliko lake kubwa halipokelewi kwenye Vim, akachukua msimbo na kuondoka nao. Miaka miwili baadaye Vim 8 ikatoka ikiwa na uwezo wa kuendesha kazi pembeni, jambo lilelile lililokuwa likidaiwa. Watumiaji wa pande zote mbili wakanufaika. Mwongozo huu hauwezi kubeba dhamana ya matokeo kama hayo.

Toleo jipya litoke siku ya mnada wa kakao, lijisakinishe lenyewe, na lianze kwa kuonyesha kurasa sita za kumkaribisha mtumiaji.

Limebaki jambo moja, nalo ni mchangiaji. Mapema au baadaye atajitokeza kijana wa Kasumulu ambaye baba yake alipoteza zile 84. Atakaa na msimbo wako usiku, atapata kosa la saa, atakuletea kiraka kinachofanya kazi. Usikikatae, kumkataa mtu ni ukatili, na huenda akajitenga. Mshukuru kwa maneno mengi. Mwambie maelezo yake yawe kwa Kiingereza. Akiyaleta, mwambie nafasi zilizo mwanzoni mwa mistari ni nne na nyumba hii inatumia mbili. Akizirekebisha, mpe mkataba wa wachangiaji wa kurasa kadhaa atie sahihi, achapishe, apige picha, arudishe. Kisha omba majaribio yanayothibitisha kwamba saa ya Malawi inatofautiana na ya Tanzania.

Hapo utakuwa umefika mwezi wa sita. Kijana yuko bondeni na familia nzima wanavuna mpunga, simu imebaki nyumbani. Roboti yako itahesabu siku 30 za ukimya na kulifunga ombi lake kwa upole, kwa kukosa majibu. Ukikutana naye sokoni, mwambie "ndaga", asante ya Kinyakyusa, kwa mchele mpya, na mweleze kwamba anaweza kulifungua tena wakati wowote. Anachohitaji ni akaunti, na namba ya uthibitisho itakayotumwa kwenye ile laini aliyoiacha nyumbani.