Nyongeza Ndefu Kuliko Mchezo

Half-Life, mchezo wa kompyuta ambao mchezaji huona kwa macho ya mpiga risasi, ulitoka mwaka 1998. Nyongeza yake, Opposing Force, ikafuata mwaka 1999. Uwanja ni uleule, maabara ya Black Mesa, ila sasa mchezaji anavaa magwanda ya wale askari waliokuwa wakimwinda mwanzoni. Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo, iliijua mbinu hiyo mapema. Toleo la kwanza la vita, la waasi wa AFDL, liliingia mjini Oktoba 1996, Rwanda ikiwa upande wa kiongozi wao, Laurent Kabila. Agosti 1998 ikaja nyongeza, waasi wa RCD, na Rwanda imeshamgeuka Kabila, sasa akiwa rais. Barabara zilezile, milima ileile ya Itombwe.

Tofauti iko kwenye urefu. Nyongeza ya mchezo huwa fupi, tena huuzwa kwa anayeitaka. Ya Kongo ilikuta toleo la miezi kama saba, yenyewe ikala karibu miaka mitano, na walioilipia hawakuiagiza. Kila toleo, la kompyuta na la Kongo, lina bwana wa suti na mkoba anayetazama kwa mbali, risasi zisimpate. Mchezoni yuko mmoja tu. Kwenye mazungumzo ya amani ya Kongo huko Sun City, Afrika Kusini, mwaka 2002, walijaa hoteli nzima, na kasino ilikuwa humohumo.