Vyuma Vimelegea

Mtu mzima akifunga vyuma vya meno, mdomo wake unakuwa mali ya umma. Mtoto akifunga, watu watasema wazazi wake wana uwezo, na habari inaishia hapo. Lakini mwanamke aliyevuka arobaini, mwalimu wa sekondari, mke wa mtu na mama wa watoto, huyo lazima ajieleze. Kondakta wa daladala atauliza. Muuza nyanya atauliza huku chenji yako ameishikilia, na haiachii mpaka ajue: vinauma? Unalala navyo? Mswaki unapitaje? Baba watoto anasemaje?

Baba watoto hakusema kitu. Waliosema ni walimu wenzangu. Nilivifunga kipindi kile ambacho kila Mtanzania, akiombwa mkopo, alijibu kwamba vyuma vimekaza. Mwalimu wa hesabu, mtu mpole anayetania mara moja kwa muhula, alinitazama wakati wa chai ya saa nne akasema, "Wenzako vimetukaza mfukoni bila kuviomba, wewe umekwenda kuvilipia vikukaze mdomoni." Mitaala imebadilika, utani huo bado uko ofisini.

Sikwenda kutafuta urembo. Nilikwenda kung'olewa jino la chini lililooza, na daktari akaniambia jirani zake wako njiani kumfuata, kwa sababu meno yamepandana na mswaki haufiki katikati. Yale ya juu nayo yalikuwa yametangulia mbele kiasi kwamba mdomo haufungi nikilala. Bima ikajibu, kwa barua yenye mhuri, kwamba kupanga meno ni urembo. Nikasubiri zamu yangu ya mchezo wa kupokezana fedha na wanawake wa mtaani, nikapokea, nikatanguliza.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa mwanya. Nao si wangu peke yangu, ni wa ukoo. Bibi mzaa baba alikuwa nao, shangazi anao, na katika wajukuu wote ni mimi niliyerithi. Kwetu Tanga mwanamke mwenye mwanya hahitaji hereni. Daktari akasema meno ya juu yakirudishwa nyuma, mwanya utazibika. Nilipompigia shangazi kumweleza, simu ilinyamaza hadi nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza, "Kwa hiyo, mwanangu, unawalipa wakuharibu?"

Kuhusu miaka miwili na ushee iliyofuata sina mengi. Unakwenda kila mwezi, wanabadilisha waya, siku mbili unakunywa uji. Uzi wa mshikaki wa jana unakukumbusha habari zake kipindi cha tatu. Ila waya yenyewe inastahili heshima. Ile ya mwanzo ni mchanganyiko wa nikeli na titani, uliotoka katika maabara ya silaha ya jeshi la wanamaji la Marekani. Hata jina lake, nitinol, limebeba herufi za maabara hiyo. Sifa yake ni kumbukumbu. Ukiipinda inataka kurudi kwenye umbo lake la awali, na joto la mdomo linaipa nguvu. Miaka ya 1970 madaktari wa meno wakaona kuwa kitu chenye ubishi wa namna hii ndicho kinachofaa kuvuta meno. Kwa hiyo nilikuwa nawafundisha kidato cha pili vivumishi huku mdomoni nimebeba teknolojia ya kijeshi, na mshahara ni ule ule.

Siku ya kufunguliwa niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikapanda mwendokasi Kimara, nikashuka Posta ya Zamani. Nilitegemea sherehe. Nilikuwa nimeona video za watu wakifunguliwa, wanalia kwa furaha, manesi wanawapigia makofi. Kliniki yetu siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, jenereta linanguruma nyuma ya dirisha, na nesi alikuwa anamtafuta aliyeondoka na ufunguo wa choo.

Daktari ni kijana ambaye ningeweza kumfundisha, na ananiita mama. Akaniambia haiumi, na kweli haiumi. Tatizo ni masikio. Koleo linabana breketi, kile kichuma kilichogandishwa kwenye jino, kwenye kitako chake, gundi inakatika, na fuvu zima linasikia: ta! Unaamini jino limekwenda. Unalitafuta kwa ulimi, lipo. Ta! Na hilo nalo lipo. Safu yote ya juu ikatoka kwa pamoja, breketi zikining'inia kwenye waya, na akaiweka kwenye sinia la chuma mbele ya macho yangu, na mate yake.

Vyuma kutoka ni nusu ya kazi. Gundi inabaki, na gundi ile haijui mswaki. Inakwanguliwa kwa kichwa kidogo cha kabaidi kinachozunguka, polepole, jino kwa jino, kuna vumbi jeupe na harufu ya kitu kinachoungua, nesi ameshika mpira wa kunyonya mate. Hapo ndipo daktari alipoamua kuzungumza. "Mama, hivi mashuleni bado mnachapa?" Nikiwa na vidole vyake, mashine na mpira mdomoni, nikasema, "Aa-aa." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Na ndiyo maana watoto wanaogopa shule."

Alipomaliza akanipa kioo. Nilitarajia kumwona mtu niliyemlipia, niliona meno. Makubwa, mengi, yamejaa mdomo mzima, na ufizi umevimba juu yake. Ulimi ndio uliofurahi. Ulizoea kukwaruzwa, sasa ukawa unateleza kulia na kushoto, hauna pa kujishikiza, na mimi nikawa namtazama daktari huku shavu linatembea. Nikaomba vyuma vyangu. Nesi akashangaa. Nikamwambia nimevilipia kwa mchezo wa watu kumi na wawili, siviachi hapa. Akavitia kwenye bahasha ya dawa, ile yenye nafasi ya kuandika mara ngapi kwa siku.

Kwenye basi la mwendokasi la kurudi nilikuwa nimesimama, natabasamu. Si kwa kupenda: midomo iliyozoea kupita juu ya chuma ilikuwa imesahau kufunga bila chuma. Mwanamume mmoja aliyekaa mbele yangu akatazama pembeni, akatazama simu, akarudi kwangu. "Samahani dada, tunafahamiana?" Nikamwambia hapana, nikiendelea kutabasamu. Akaniachia kiti na kwenda kusimama mlangoni. Mpaka leo sijapata njia nyepesi kuliko hiyo ya kupata kiti saa kumi na moja jioni.

Nyumbani mume wangu alinitazama kwa makini, akanizunguka. "Mama Rehema, umesuka?"

Kesho yake shuleni ikawa hivyo hivyo. Katibu muhtasi aliniuliza nimebadilisha mafuta gani. Mwalimu wa jiografia alisema nimepungua. Yule wa hesabu, ambaye utani wake umenipa miaka miwili ya mateso, alinitolea macho, akafikiri, akasema, "Miwani mipya hiyo." Sivai miwani mipya. Ninavaa ile ile tangu nilipoajiriwa. Watu waliozihesabu breketi zangu moja moja zikiwa ndani, hawakuona zilipotoka, na ilibidi nicheke ovyo katika kikao cha taaluma, wakati wa kujadili matokeo mabaya, ndipo mmoja akasema, "Aa, kumbe umetoa!"

Nilikuwa nimejiahidi vitu: mahindi ya kuchoma, muwa, korosho, kashata. Jioni hiyo nilishuka kituoni na kwenda moja kwa moja kwa mchoma mahindi. Akanichagulia gumu, kama nilivyoomba, akalipaka limau, pilipili na chumvi. Nikalikamata kwa mikono miwili, nikauma, na nikaliondoa mdomoni kwa adabu. Hili hawalionyeshi kwenye video. Meno yaliyotoka kusogezwa bado hayajakaza kwenye mfupa, yanacheza kidogo, na yakikutana na punje ngumu yanakwambia. Nikasimama pembeni mwa jiko nikipukuchua kwa vidole, nakula punje moja moja. Mchoma mahindi alinionea huruma. "Mama, hilo jino ukaling'oe tu."

Sasa tuje kwenye riteina, kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi, kwa sababu aliyekwambia kwamba vyuma vikitoka kazi imekwisha amekudanganya. Jino halikushikana na mfupa moja kwa moja. Katikati kuna nyuzi, na nyingine zinapita ndani ya ufizi, zikiunganisha jino na jirani yake. Mfupa hujijenga upya baada ya miezi kadhaa, lakini zile nyuzi za ufizi zilizovutwa zinaweza kuchukua karibu mwaka kutulia, na muda wote huo zinavuta kurudi kwao. Tangu Edward Angle alipofungua shule ya fani hii ya kupanga meno huko St. Louis mwaka 1900, wataalamu wamepata njia nyingi za kusogeza meno. Ya kuyabakisha waliyopata ni moja: kuyashikilia. Nikamuuliza daktari, kwa muda gani? Akajibu, "Mama, kwa muda wote unaotaka yabaki hapo." Miezi ya kwanza mchana na usiku isipokuwa wakati wa kula, baadaye usiku tu, na hakutaja mwisho wa "baadaye".

Riteina yangu ilikuwa ya plastiki angavu, inayovikwa juu ya meno na haionekani. Haionekani, ila inasikika. Siku ya kwanza niliingia Kidato cha Pili B kuita majina, na nikagundua kwamba karibu nusu ya darasa lile wazazi wao walikubaliana juu ya herufi moja. "Thabrina," nikaita. Darasa likanyamaza. "Thaidi." Mtu akakohoa. "Thalehe. Thalma. Thelemani." Nilipofika kwa Sikudhani, safu ya nyuma yote ilikuwa imeinama chini ya madawati ikitafuta kalamu. Selemani, aliyechelewa kuitika, alisimama kwa heshima zote. "Nipo, madam. Thamahani." Nilitaka kumtoa nje, lakini kumtoa ningelazimika kusema "simama nje" na "sasa hivi". Nikamwacha. Faraja yangu ni kwamba wiki hiyo maneno kama thamani, thibitisha na themanini niliyatamka kwa usahihi ambao wilaya ile haijapata kuusikia.

Shangazi alikuja mwezi wa tatu tangu nifunguliwe, na kiroba cha machungwa ya Muheza. Alinipokea shikamoo, akaniambia nifungue mdomo, akatazama pale mwanya ulipokuwa, akasema, "Haya," kwa sauti ya mtu aliyefika makaburini. Wiki nzima hakuligusa tena suala hilo. Alipika, aliwafundisha watoto dua, alipanga upya makabati.

Asubuhi moja wakati wa kunywa chai niliivua riteina na kuiacha kwenye glasi ya maji karibu na sinki. Shangazi akaiona. Kwa macho yake ni kidubwana chenye mate, kimelala kwenye maji ya baridi, ndani ya nyumba yenye watoto. Alifanya jambo ambalo mwanamke yeyote msafi wa rika lake angelifanya: akafungua chupa ya chai iliyokuwa na maji ya moto, akaimwagia na kuifunika na sahani. Niliporudi alikuwa ameshaichuja. "Nimekuchemshia hicho kitu chako, mwanangu, kilikuwa kinanuka." Kwenye sahani palikuwa na kitu kilichojikunja kama kaukau.

Plastiki ile hupashwa moto ndipo ifinyangwe juu ya mfano wa meno yako. Ukiirudishia moto, inasahau meno ni yapi na ni ya nani. Nilijaribu kuivaa, iliingia kwenye jino moja la pembeni na kukataa mengine. Ningefanyaje? Shangazi hakaripiwi. Nilisema, "Ahsante shangazi," nikaenda kumpigia daktari nikiwa nyuma ya nyumba.

Ilikuwa msimu wa mitihani, ruhusa hazitoki, na riteina mpya haikuwemo kwenye bajeti ya mwezi ule. Nikasogeza siku, nikasogeza tena. Meno nayo yakasogea. Ya chini yalitulia, kwa sababu yana waya iliyogandishwa kwa nyuma, ila juu, pale mbele kabisa, pakaanza kupenya hewa nikivuta pumzi. Daktari alikuwa amenionya mapema: katika vyote vinavyorudi, mwanya ndio wenye haraka.

Mimi sikumwambia mtu. Mume wangu, aliyenioa kwa mwanya huo kwa kauli yake mwenyewe, hakuona. Walimu hawakuona. Jioni ya kuamkia safari yake ya kurudi Tanga, shangazi aliweka kijiko chini. "Hebu cheka." Nikacheka. Akaniinulia kidevu upande wa taa, akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu afike akacheka na yeye, mwanya wake wote nje. "Huyo! Huyo bibi yako karudi!" Akaniongezea wali.

Riteina mpya imetengenezwa na mwanya ukiwa ndani yake, mdogo, wa kupitisha ukucha. Daktari alitaka tuufunge upya, nikamwambia auache ulivyo, maana mwenye nao angepiga simu kutoka Tanga na sikuwa na jibu. Herufi ya s imerudi mahali pake. Selemani yuko kidato cha tatu sasa, na bado ananisalimia, "Thikamoo madam," akijifanya ameteleza.

Nawe unayefunguliwa vyuma mwezi huu: riteina ioshe kwa maji ya baridi na mswaki laini, usiku wa leo uivae, na siku shangazi yako akija, chupa ya chai ifungie kabatini na ufunguo utembee nao.