Subiri Neno "Ila"

Msyuu! Nimesonya, na kijiwe kizima kimesikia. Sikumsonya binti wa watu, maana yule hana kosa. Nimeisonya karatasi aliyopewa, na haraka aliyotumwa nayo.

Sikilizeni. Kijiwe chetu kipo Mikumi, kando ya barabara kuu. Malori ya Zambia na Kongo yanatupita usiku na mchana. Mwenda Ifakara anakata kona hapa, na mwenda Kilosa anashika njia ya Ulaya, Ulaya hii yetu ya wilayani. Tuna benchi, birika la kahawa na sahani ya kashata, na pembeni mama anakaanga mihogo. Jumanne moja ya Septemba, vumbi limetanda, kafika binti wa mwaka wa tatu anayesoma saikolojia chuoni. Begi mgongoni, barua ya mtendaji mkononi, muhuri haujakauka wino.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba mama. Karibu kahawa."

Kahawa hakuinywa. Alikuwa na madodoso 80 na siku mbili za kuyamaliza. Utafiti wake ulihusu afya ya akili ya watu waliopitia mafuriko. Ni jambo zito na jema, kwa sababu wilaya hii haijasahau Desemba 2009, Mto Mkondoa ulipovunja kingo na kuingia Kilosa mjini. Ulibomoa nyumba, ukaharibu reli, ukaacha maelfu ya watu hawana pa kulala. Wapo ambao hawakurudi tena walikotoka. Mama yetu wa mihogo ni mmoja wao.

Binti akamwamkia kwa adabu, akaanza kusoma. "Mama, katika wiki mbili zilizopita umepata shida ya kulala? Hapana kabisa, siku chache, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku?"

"Nalala, mwanangu."

Tiki. "Umekosa hamu ya kula?"

"Nakula."

Tiki. Swali la tatu, la nne, mpaka la kumi na mbili. Dakika nane zikaisha, asante sana mama, binti huyo kwa mwenye genge wa pili. Mama akarudi kugeuza mihogo yake. Hapo ndipo niliposonya.

Kijana wa bodaboda akanigeukia. "Mzee, sasa kosa liko wapi? Kaulizwa, kajibu."

Kosa liko hapa, mwanangu. Wewe ukikutana na mtu aliyezika jana, ukamuuliza "Habari za nyumbani?", anakujibu nini? Anakujibu "Nzuri." Halafu anavuta pumzi, anasema, "Ila tulipata msiba." Ndivyo tulivyolelewa. Neno la kwanza ni la heshima, habari yenyewe inakuja baada ya "ila". Na hujambo lake ni sijambo, hata kama mtu kaamka na homa. Basi dodoso linalosomwa kwa dakika nane linachukua lile neno la heshima, linalitia tiki, linaondoka kabla "ila" haijatoka mdomoni. Likifika chuoni linaitwa data.

Kijana hakuridhika. "Asipouliza atajuaje yaliyo moyoni mwa mtu?"

Swali zuri, na jibu lake liko hapo porini nyuma yetu. Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964. Miaka kumi baadaye, mwaka 1974, alikuja mtu anaitwa Ramon Rhine kuanza utafiti wa nyani. Mnaweza kudhani alikuwa daktari wa mifugo. Hapana. Alikuwa mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, kule Riverside. Yeye na wenzake, akina Guy Norton na Samuel Wasser, walilifuata kundi la nyani liitwalo Viramba, wakamjua nyani mmoja mmoja kwa sura. Nyani hajazi dodoso. Hakuna njia ya kumjua ila kukaa, kutazama na kuandika, leo, kesho na mwakani. Walikaa kiasi kwamba mwaka 2000 walichapisha makala yanayoyapima maisha mazima ya majike, waliishi miaka mingapi na waliacha watoto wangapi. Tafakarini subira hiyo. Na wanadamu wa wilaya hiyohiyo wanapimwa kwa dakika nane wakiwa wanageuza mihogo! Msyuu!

Lakini msidhani kutazama ni kukodoa macho tu. Mwaka huohuo wa 1974, Jeanne Altmann, mama aliyesomea hisabati na kufanya kazi na nyani wa Amboseli kule Kenya, alitoa makala juu ya namna ya kuchagua nani utazame na kwa muda gani. Makala yale yanasomwa mpaka leo na kila anayejifunza kuchunguza tabia. Alichokionya ni hiki: ukitazama kiholela, jicho litakimbilia kwenye kelele. Dume kubwa likipigana utaliandika. Jike lililojikunyata na mtoto wake hutaliona, na jioni daftari lako litasema kundi zima ni la ugomvi. Dawa yake ni kupanga kabla. Mnyama huyu nitamtazama kwa muda huu, awe analala, awe anakula, awe hafanyi lolote. Muda ukiisha nahamia kwa mwingine kwa zamu. Anyamazaye anapata dakika sawa na apigaye kelele.

Hayo yangewafaa wanafunzi wetu kuliko nyani. Ukija kijiweni saa nne asubuhi utatukuta sisi, wanaume wenye maneno mengi. Ukitujaza sisi, umeandika kelele. Mkata miwa wa Ruhembe yuko mashambani. Mama wa mpunga karudi jioni, hoi, na hapo mtafiti ameshapanda basi. Mfugaji katoka na ng'ombe alfajiri. Wilaya hii inajua gharama ya kusikiliza upande mmoja: Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mtafiti anayewahoji walio karibu na barabara peke yao anaondoka na nusu ya habari, na nusu ya habari katika mambo kama hayo ni hatari.

Mzee mmoja hapa, mstaafu wa ualimu, akaweka kikombe chini. "Unawaonea. Shahada ya kwanza ina miezi michache. Huyo Rhine alikuwa na miaka."

Kweli kabisa, mwalimu, wala simdai binti miaka. Namdai kujua anachopima na anachokipoteza. Huyohuyo Rhine hakuwa mtu wa kudharau njia ya mkato. Ipo njia moja ya kutazama ambapo unaukata muda vipande vipande: kitendo kikitokea ndani ya kipande unaweka alama moja, na kikitokea mara kumi, alama ni ileile moja. Altmann aliikosoa kwa kuwa inaficha idadi. Rhine hakukubali itupwe. Mwaka 1978, yeye na mwenzake wakachapisha ulinganisho wa njia tatu za kutazama, wakizipimanisha kwa tabia zilezile. Hapo ndipo penye somo la mbinu za utafiti: watu wazima, wasomi, wanabishana kuhusu alama ya penseli, kwa sababu wanajua kwamba alama ikikosewa, hesabu yote ya juu yake imejengwa kwenye mchanga. Mwanafunzi wetu anafundishwa sura ya tatu ya ripoti ina vichwa gani. Je, anafundishwa kuitilia shaka tiki yake mwenyewe?

Chukueni mfano wa hapa barabarani. Simamisha dereva yeyote anayetoka kuvuka hifadhi, umuulize mwendo wake. Atakutajia ule wa kwenye kibao, na pengine anaamini anasema kweli. Mtafiti Carlos Drews hakwenda njia hiyo. Makala yake ya mwaka 1995 yanahusu wanyama waliouawa na magari kwenye barabara hii ndani ya hifadhi; yeye alihesabu mizoga. Anachosema mtu na anachofanya ni vitu viwili, na somo la saikolojia lisilompa mwanafunzi mbinu ya kuvitenganisha limemnyima nusu ya kazi.

Halafu kuna lugha. Karatasi ya binti ilikuwa ya Kiswahili, lakini ilikuwa Kiswahili kilichotafsiriwa mezani. Mtu wa hapa akilemewa hasemi amepoteza shauku ya shughuli za kila siku. Anasema ana mawazo. Anasema moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu, kichwa kinajaa. Na kazi ya kuyasikiliza maneno hayo imeshafanyika nchini kwetu. Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2008 makala kuhusu chombo chenye vipengele 19 cha kutambua sonona, kilichotengenezwa kwa ajili ya Tanzania. Mwaka 2002 walikuwa wameshakipima chombo cha kigeni kwa wajawazito wa Dar es Salaam wenye virusi vya UKIMWI, kuona kama kinafaa kwa watu wetu. Hiyo ndiyo heshima ninayoizungumzia: kabla hujampima mtu, pima mizani yako.

Na hili si jambo la Kilosa peke yake. Mmarekani Jeffrey Arnett alipekua majarida makubwa sita ya saikolojia ya kwao, ya mwaka 2003 hadi 2007. Watu waliochunguzwa humo, asilimia 96 walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda. Maana yake, vitabu anavyosoma binti huyu vimeandikwa bila sisi. Akikaa vizuri na mama mmoja wa mihogo, akamwelewa sawasawa, ameongeza kitu ambacho maktaba za dunia hazina. Akileta tiki 80 za haraka, ameongeza karatasi.

Ndiyo maana nasonya, jamani. Mtoto huyu kalipa nauli kwa pesa ya mfukoni mwake. Kazungushwa kutafuta barua, kutoka ofisi hii hadi ile. Ana akili na ana adabu. Tunamtuma shambani na jembe lisilo na mpini, kisha tunamlaumu mavuno.

Ningekuwa na sauti kwenye vyuo vyetu ningeomba mambo machache. Wiki ya kwanza ya feldi, dodoso libaki kwenye begi. Mwanafunzi awe na daftari na saa, ajifunze kutazama kwa mpango. Kila swali alijaribu kwanza kwa watu watano, awaombe walirudie kwa maneno yao wenyewe. Wakilirudia tofauti na alivyokusudia, alifute. Madodoso 80 yawe 20, lakini kila moja liwe na muda wa mtu kufika kwenye "ila". Aseme waziwazi kwamba hana msaada wa kugawa, kwa sababu penye mafuriko mtu akiona karatasi anawaza mahindi na mabati, na jibu lake linafuata matumaini hayo. Na akimaliza, arudi kutueleza alichokiona. Kilosa imeulizwa sana juu ya mafuriko, misitu na mapigano. Anayeulizwa kila mwaka asirudishiwe neno huchoka, na aliyechoka hujibu ili umwondokee.

Haya nilimwambia binti mwenyewe jioni, alipopita akielekea gesti. Sikumfokea. Nilimwambia, "Mama, kesho njoo bila karatasi. Kaa tu."

Alikuja. Alinunua mihogo, akakaa kwenye kindoo kilichofunikwa, akamsaidia mama kumenya. Siku ya pili yake akaja tena. Walizungumza bei ya mafuta, mtoto wa mama aliyeko Morogoro, miguu inayouma. Karibu na adhuhuri kikapita kiwingu, jua likafifia kidogo, mama akainua macho akakitazama mpaka kikaondoka. Binti aliliona hilo. Hakusema kitu, akaendelea kumenya.

Ndipo mama akasema, bila kuulizwa, "Mimi nalala vizuri, mwanangu. Ila mvua ikipiga bati usiku, siwezi. Nakaa kitandani na viatu miguuni mpaka kunakucha."

Ilikuwa Septemba. Wiki mbili zilizopita, Mikumi haikuwa imepata hata tone.