Shangazi, Samaki Wangu Wamenuna

Wiki hii barua zote ni za diskasi, yule samaki bapa wa duara kutoka bonde la mto Amazon ambaye siku hizi anakaa sebuleni kwa watu na kula vizuri kuliko wenye nyumba. Barua za ndoa nilikuwa nimeziweka kando. Mtaona wenyewe kama zilikubali.

"Shangazi, shikamoo. Mume wangu anafuga diskasi. Kila alfajiri anabeba ndoo, anamwaga nusu ya tangi na kulijaza upya, huku watoto wanasubiri maji ya kuoga. Yale maji ya kuchujwa ya kununua ni ya samaki, sisi tunachemsha. Juzi nimesaga juisi ya parachichi, ikatoka na harufu ya moyo wa ng'ombe. Nifanye nini? – Mke Mdogo wa Samaki, Tabata"

Marahaba mwanangu, na pole. Bwana hajarukwa na akili. Kasikia kuwa moyo wa ng'ombe humkuza diskasi upesi, na ni kweli: wafugaji huutoa mafuta na mishipa, wakausaga pamoja na kamba na mchicha, wakaugandisha vipande vipande. Ila chakula hicho huchafua maji haraka mno, ndiyo maana anaamka na ndoo. Kwa vifaranga wanaokua, adha hiyo ina faida. Samaki wazima hawana haja ya karamu ya kila siku. Wale punje kavu na mabuu mekundu ya kugandishwa, naye abadilishe maji mara mbili tatu kwa wiki. Mtaoga.

Kuhusu blenda hakuna mjadala. Anunue yake.

Na umeme ukikatika, asije akalivika tangi blanketi lako. Diskasi anataka maji ya nyuzi 28 hadi 30, na kwa Dar maji hayapoi upesi hivyo. Kinachowahi kuwaua ni kukosa hewa, maana maji ya uvuguvugu hubeba oksijeni kidogo, na pampu ikizima inapungua zaidi. Pampu ndogo ya betri itamtuliza bwana na samaki wake.

"Shangazi, diskasi wangu wawili wanapendana kupita kiasi. Wanasafisha chungu cha maua pamoja, wanataga, wanalinda mayai kwa zamu. Lakini kila mara mayai yanageuka meupe yote. Jirani anasema dume hana nguvu. Kuna dawa? – Baba Mtarajiwa, Mbezi"

Kuna dawa nyingi, na namba za wauzaji zimebandikwa kwenye kila nguzo ya umeme. Usiitie hata moja kwenye tangi.

Kwanza hakikisha huyo dume ni dume. Diskasi jike na dume wanafanana, na muuzaji anayekuapia kuwa hawa ni mume na mke anataka tu kufunga duka mapema. Majike wawili wanaweza kuchumbiana, kusafisha chungu, kutaga na kulinda mayai kwa heshima zote, na lisianguliwe hata moja. Siku ya kutaga, piga magoti mbele ya kioo utazame chini ya tumbo, mbele ya pezi la nyuma: kijirija cha jike ni kinene na butu, cha dume ni chembamba chenye ncha. Kwingine kote utakuwa unakisia. Wafugaji wenye subira hununua wadogo sita au zaidi, wakawaacha wakue na kuchaguana wenyewe. Ndoa ya kupangiwa na muuza samaki haidumu.

Kama ni dume kweli, sasa tuyageukie maji yako. Umeandika kutoka Mbezi, nami nahisi tangi linajazwa maji ya chumvi ya kisima. Diskasi wa porini anatoka kwenye mito kama Rio Negro wa Brazili, ambao maji yake yana rangi ya chai ya rangi, yana asidi na karibu hayana madini kabisa. Mkubwa atavumilia maji magumu na kunenepa. Yai halivumilii, kwenye madini mengi hushindwa kurutubishwa au kuanguliwa. Changanya maji yako na yale yaliyopita kwenye mashine ya kuondoa chumvi, ambayo wauza maji ya kunywa wanayo. Usiyatumie hayo peke yake, kwa kuwa maji matupu hubadilika asidi ghafla. Mayai yaliyorutubishwa hayageuki meupe. Siku ya pili utaona nukta nyeusi ndani yake. Ukiziona hizo, ndipo umjibu jirani.

"Shangazi nimeogopa. Mayai yameanguliwa, watoto wakaogelea, wakawavamia wazazi na sasa wanawala ubavuni! Mama mkwe anasema si kitu cha kawaida, niwatupe. – Mwenye Hofu, Tanga"

Mwambie mama mkwe akae chini atazame vizuri. Watoto hawali nyama, wanakula ute. Mayai yakitagwa, ngozi ya diskasi huanza kutoa ute mzito wenye protini na kingamwili, na hicho ndicho chakula cha kwanza cha vifaranga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walichapisha mwaka 2010 kazi inayolinganisha malezi haya na ya wanyama wanaonyonyesha, na wakaona kuwa kuelekea wiki ya tatu wazazi huanza kuwakimbia watoto ili wazoee kujitafutia. Wanaachishwa ziwa, kwa lugha ya nyumbani.

Akina baba wanaosoma safu hii wasome sentensi inayofuata mara mbili: baba naye ananyonyesha. Jike akichoka hujitikisa ghafla na kugeuka, watoto wakabaki wanaelea, kisha kundi zima likahamia ubavuni kwa baba. Hakuna anayesema ana kikao.

Wewe kazi yako ni kutoingilia. Wazazi hugeuka weusi wakati huu na vifaranga hufuata weusi huo. Kwa hiyo ondoa kila kitu cheusi tangini, la sivyo watakwenda kunyonya sponji ya filta na kufa njaa.

"Nimeuziwa Pigeon Blood mwekundu, wamesema kavuliwa Amazon kwenyewe. Nimelipa bei ya mbuzi wawili. – Mjanja, Mombasa"

Aina hiyo ilizalishwa na wafugaji wa Thailand mwanzoni mwa miaka ya 1990. Amazon imeisikia kama ulivyoisikia wewe. Pole kwa mbuzi.

"Naweza kumchanganya diskasi na samaki wa mawe wa Kigoma? Si wote ni ukoo mmoja na perege? – Mpenda Undugu"

Ni ukoo mmoja, lakini wa Kigoma anataka pH karibu na 9 na wa Amazon anataka chini ya 7. Undugu ubaki kwenye vitabu.

"Shangazi, tangi limefungwa leo asubuhi, diskasi wanafika jioni na basi. Niwape nini waanze nacho? – Mwenye Haraka, Arusha"

Waanze na safari ya kurudi. Tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti na kisha nitrati, na kuwakuza huchukua kama wiki nne hadi sita. Tafuta na hita, maana Arusha mwezi wa saba si Tabata. Nunua kipimo cha amonia na nitriti. Siku amonia na nitriti zote zikisoma sifuri, mpigie muuzaji. Kabla ya hapo usiwanunue, wala usiniandikie.