Mdeni Mwenye Ushauri

Katika David Copperfield, riwaya ambayo Charles Dickens aliitoa kwa sehemu za kila mwezi kuanzia 1849 hadi 1850, shujaa ana kazi ya kukua, kupenda na kuhuzunika. Kazi ya kukopa ameachiwa Bwana Micawber.

Naye anaifanya kwa heshima zote. Wadai wakifoka mlangoni, analia na kujitishia kwa wembe. Nusu saa baadaye keshang'arisha viatu na anatoka akiimba. Akiwa gerezani kwa madeni, anamfunda mtoto David: mwenye pauni 20 kwa mwaka akibakiza nusu shilingi, raha mustarehe, akipitiliza shilingi moja, ameangamia. Papo hapo anamkopa mwanafunzi wake shilingi ya bia, na kumwandikia hati akaidai kwa Bi Micawber! Bibi mwenyewe haishi kuapa kwamba hatamwacha mumewe, ingawa hakuna aliyemwomba amwache.

Kielelezo cha Micawber kilikuwa John Dickens, babake mwandishi, aliyefungwa katika gereza la Marshalsea kwa deni mwaka 1824.

Mwishowe Micawber ndiye anayemuumbua laghai Uriah Heep. Madeni yake wanalipa wengine, yeye anahamia Australia na kufanywa hakimu. Uzoefu wa mahakama alikuwa nao.