Sifa za Uvundo wa Kiyoyozi

Washairi wetu wameusifu udi, ubani, halwaridi na asumini hata maneno ya manukato yamekaribia kuwaishia, wala siwalaumu, kwani chenye harufu njema hakikosi wakili. Lakini sijamsikia aliyeinua kalamu kwa ajili ya ule uvundo utokao katika matundu ya kiyoyozi cha gari pindi mwenyewe abonyezapo kitufe asubuhi, uvundo wa nguo iliyokunjwa mbichi ikatiwa sandukuni, na dhulma hiyo imedumu kiasi cha kutosha. Naomba basi ruhusa niutetee, ingawa pua yangu mwenyewe imekataa kunitolea ushahidi.

Wapo wanaoudhania kuwa ni mtoto wa uchafu, ilhali wazazi wake ni anasa na baridi. Nyuma ya dashibodi mna koili ya mabomba membamba na mapezi ya alumini, ambayo mafundi huiita evapareta, nayo hupata baridi kali kwa gesi ipitayo ndani yake. Hewa ya Mombasa, iliyosheheni mvuke wa bahari, ikiigusa tu hutoa matone, matone yakateremka na kutokea mpira mdogo chini ya gari, yakaacha kile kidimbwi kimtiacho hofu mnunuzi mgeni akadhani rejeta imetoboka. Gari likizimwa, koili hubaki mbichi, gizani, imejaa vumbi na chavua, na joto likiirudia polepole, kuvu na bakteria hujipatia makazi yenye maji, chakula na kivuli, bila kodi. Wala jambo hili si uzushi wa juzi, kwani Packard ya Marekani ilipotangaza mwaka 1939 gari lenye kiyoyozi, koili ya baridi ikiwa imewekwa kwenye buti, unyevu nao ulipewa nafasi yake safarini. Ama ukoo, ni ukoo adhimu: ile kuvu ya Penicillium, ambayo mwaka 1928 ilimwonyesha Alexander Fleming njia ya penisilini huko London, ina jamaa zake ambao hukutwa katika viyoyozi vya magari, basi anayekunja uso na ajue ni watu wa nyumba gani anaowakunjia.

Fadhila yake kubwa ni uadilifu. Muungwana aweza kulipaka gari lake nta likang'aa, akavisha viti ngozi, akatundika kiooni kile kijikaratasi chenye umbo la mti kinukacho vanila. Uvundo huo haupokei rushwa, bali huichanganya na nafsi yake hata ikazaliwa harufu ya tatu ambayo haijapata jina. Wengine, kwa kuwa sisi watu wa pwani tuna imani kubwa na chetezo, huingiza makaa na udi garini wakafunga milango, na matokeo yake ni uvundo uliovaa nguo za arusi. Mtazame mgeni wa heshima aliyekaribishwa kiti cha mbele katika foleni ya kivuko cha Likoni, vioo vimepandishwa kwa ajili ya jua, matundu yameelekezwa usoni mwake kwa ukarimu: husema, "Gari zuri, mashaallah," kwa sauti ya mtu aliyebana pumzi, na mwenye gari hushukuru.

Fauka ya hayo, ni mwalimu. Wangapi wameendesha gari la mtumba kutoka Japani miaka na miaka bila kujua kwamba ndani yake mna chujio la hewa, linalostahiki kubadilishwa kila kilomita 15,000 hivi, na mapema zaidi penye vumbi, mpaka uvundo ulipowapeleka gereji? Fundi hufungua kijisanduku kilicho mbele ya magoti ya abiria, akatia mkono nyuma yake, akachomoa kitu kilichokuwa cheupe zamani: rangi ya udongo, majani ya mwarobaini, unywele, na bawa moja la mende lisilo na mende.

"Hilo nalo limo ndani ya gari langu?"

"Limo tangu liliposhuka melini, mzee wangu."

Mwenye pumu hana nafasi katika mzaha huu, na aliye naye nyumbani namshauri aache kunisoma akatafute fundi leo hii.

Maadui hawakosekani. Lipo povu la dawa lipulizwalo hata likaifikia koili, likayeyuka na kutoka kwa mpira wa chini likiwa jeusi. Upo waya mwembamba uzibuao mpira huo ulioziba kwa tope, maana maji yakikosa njia hurudi kulowesha zulia, na hapo uvundo hupata nyumba ya pili. Lakini hayo yote uvundo huyastahimili, kwa kuwa mwenye gari, akisha kulipa, hurejea ada yake ya kuzungusha hewa ile ile ya ndani mchana kutwa, na kuvu hurudi masika hayajaisha.

Adui wa kuogopwa ni mwingine: ni yule dereva mtulivu ambaye, zikiwa zimebaki dakika chache kufika kwake Nyali, huzima kitufe cha baridi, akafungulia hewa ya nje, akaiacha feni ivume kwa nguvu hata koili ikakauka kabla hajazima injini. Hafukizi, hatundiki, hamwiti fundi. Anauua uvundo kwa kiu kila jioni, na majirani hawana habari. Kwa mtu wa namna hiyo wakili hana la kusema, ila kumsihi asahau walau siku za Ijumaa.